Si sumu ya jirani: Namna kinga ya mwili inavyoharibu figo za mbwa

Hapa Rongo mbwa wa ulinzi akitapika siku mbili tatu kisha akafa, neno la kwanza kumtoka mwenyewe ni "sumu". La pili ni jina la jirani. Nimeona ugomvi wa namna hiyo ukianza kwa mzee wa kijiji, ukapanda hadi kwa chifu, na watoto wa nyumba mbili wakakatazwa kucheza pamoja. Na mara nyingine hakukuwa na sumu yoyote. Mbwa aliuawa na figo zake, na figo hizo ziliharibiwa na kinga ya mwili wake mwenyewe. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kwa maradhi haya maneno hayo ni kweli mara mbili, kama tutakavyoona.

Mimi ni mtu wa Kisauni. Kazi ya afya ya mifugo ndiyo iliyonileta huku kaunti ya Migori, katika mji huu ulio kwenye barabara kuu itokayo Kisii, palipo na njia ya kuingilia Homa Bay. Ni nchi ya mvua, ng'ombe na mashamba ya miwa inayopelekwa kiwanda cha Sony kule Awendo. Karibu kila boma lina mbwa mmoja au wawili, na karibu kila mbwa ana kupe.

Ndugu zangu wa Pwani huenda mkauliza, mbwa wa Rongo watuhusu nini? Watuhusu, kwa sababu kupe hao hao wako Kilifi, Kwale, Malindi na Lamu. Wengi wetu hatumwingizi mbwa ndani kwa ajili ya tohara, lakini mbwa wa kulinda minazi na mikorosho yuko, na mbwa wa mlinzi langoni yuko. Mnyama akishakuwa chini ya mkono wako, huyo ni amana. Na ugomvi wa sumu, nao Pwani si mgeni.

Figo ni kifumbu

Kila aliyekulia jikoni kwa mama anakijua kifumbu cha kukamulia tui. Nazi iliyokunwa hutiwa maji, ikakamuliwa. Tui hupita, chicha hubaki. Figo hufanya kazi inayofanana na hiyo. Damu huingia ndani yake kwa nguvu, maji na taka hupita yakawa mkojo, na vitu vya thamani hubaki katika damu. Miongoni mwa vitu hivyo vya thamani ni protini.

Tofauti ni kwamba figo si kifumbu kimoja. Kila figo ya mbwa ina vichujio vidogo mno vipatavyo laki nne, na kila kichujio ni kifundo cha mishipa ya damu myembamba kuliko unywele. Kichujio kikipasuka au kikaziba, hakishonwi upya kama kifumbu cha ukindu. Hugeuka kovu. Vile vilivyobaki hubeba kazi ya wenzao, navyo huchakaa haraka zaidi.

Ndiyo maana mbwa anaweza kupoteza sehemu kubwa ya vichujio vyake huku bado anabweka, anakula, na anakimbiza watoto wa shule. Kipimo cha kawaida cha damu cha figo, kile cha kreatinini, huwa hakipandi waziwazi hadi takriban robo tatu ya uwezo wa figo iwe imekwisha. Anapoanza kutapika, mbwa huyo ana miezi mingi ya ugonjwa nyuma yake, ingawa mwenyewe atahesabu siku mbili.

Askari wanaobomoa nyumba wanayoilinda

Mwili ukivamiwa na vijidudu, hutengeneza kingamwili. Hizi ni protini zinazomshika adui ili seli za ulinzi zimmalize. Kingamwili na vipande vya adui vikishikana hufanya vibonge vidogo sana. Kwa kawaida ini na wengu huvisafisha, na mambo yakaisha.

Shida huja pale adui anapokataa kutoka. Akikaa mwilini miezi au miaka, mwili huendelea kutengeneza kingamwili, na vibonge huendelea kuzaliwa kila siku. Vingi huzunguka na damu hadi vikanasa kwenye vichujio vya figo, kama chicha inavyoziba matundu ya kifumbu. Wakati mwingine kibonge hujengeka palepale kwenye ukuta wa kichujio.

Sasa askari wa mwili wanaona kibonge, nao wanafanya waliloumbiwa: wanakishambulia. Seli nyeupe za damu humiminika, kemikali kali humwagwa, na ukuta wa kichujio ndio unaoungua. Kichujio kinavuja. Protini iliyopaswa kubaki katika damu inakwenda na mkojo. Kwa hiyo mara nyingi si kijidudu kinachokula figo. Ni vita dhidi yake.

Hili si jambo la nadra. Mwaka 2013 watafiti wa Amerika Kaskazini walitoa matokeo ya mbwa 501 waliokuwa na dalili za ugonjwa wa vichujio na ambao kipande kidogo cha figo yao kilichunguzwa kwa hadubini. Takriban nusu yao ugonjwa wao ulitokana na vibonge hivi vya kinga.

Mwanzo wake ni nguoni

Huku kwetu, mtuhumiwa wa kwanza ni kupe. Kuna kupe wa kahawia wa mbwa ambaye maisha yake yote, kuanzia kifaranga hadi mtu mzima, huweza kuyamaliza kwa mbwa. Akishiba hudondoka, akajificha kwenye nyufa za ukuta, chini ya banda na katika magunia. Jike mmoja hutaga mayai kwa maelfu. Kupe huyu ndiye anayebeba bakteria aitwaye erlikia.

Erlikia alielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1935 nchini Algeria. Ulimwengu ulimjua vizuri mwishoni mwa miaka ya 1960, alipoua zaidi ya mbwa 100 wa jeshi la Marekani katika vita vya Vietnam. Mbwa wengi walianza kwa homa, wakaonekana wamepona, kisha baadaye wakatoka damu puani na kufa.

Hiyo ndiyo tabia yake. Wiki moja hadi tatu baada ya kuumwa na kupe, mbwa hupata homa, hukosa hamu ya kula na hulegea. Mwenyewe husema "ni mvua tu hii". Baada ya wiki chache homa hupungua, mbwa hurudia hali yake, na hapo erlikia hukaa kimya mwilini kwa miezi au miaka. Katika kimya hicho ndipo vibonge hujazana kwenye figo.

Erlikia hayuko peke yake. Babesia, naye wa kupe, huharibu chembe nyekundu za damu na anaweza kuumiza figo. Minyoo ya moyo inayoenezwa na mbu husababisha ugonjwa huohuo wa vichujio, na hilo tulikumbuke sisi wa mwambao wenye mbu mwaka mzima. Usaha katika mji wa mimba wa mbwa jike, meno yaliyooza kwa muda mrefu, saratani, na pia hitilafu ya kinga yenyewe bila adui yeyote, vyote vinaweza kufikisha figo pale pale. Lakini ukinipa mbwa wa Rongo mwenye protini kwenye mkojo, nitamwangalia kupe kwanza.

Sumu au figo?

Sumu inayotumiwa zaidi kuua mbwa ni zile dawa kali za wadudu wa shambani. Hizo hazina subira. Ndani ya dakika au saa chache mbwa hutokwa mate mengi, hutetemeka, huharisha, mboni za macho husinyaa, hupumua kwa shida na hupigwa na degedege. Jioni alikuwa mzima, usiku amekufa.

Figo huenda kwa mwendo mwingine. Ukimuuliza mwenyewe taratibu, utasikia kwamba mbwa amekuwa akikonda. Amekuwa akinywa maji kuliko zamani na kukojoa mara nyingi. Manyoya yamepoteza mng'ao. Pengine miguu ya nyuma ilivimba, au tumbo lilijaa maji, kwa sababu protini inayoshikilia maji ndani ya mishipa imevuja. Kisha ndipo kutapika, vidonda mdomoni, na pumzi yenye harufu kama ya mkojo. Wengine hupofuka ghafla kwa sababu presha ya damu imepanda. Wengine hushindwa kupumua ghafla na kufa, kwa sababu damu yenye upungufu wa protini fulani huganda mahali isipotakiwa. Huyo wa mwisho ndiye anayezua kesi, maana kifo chake kinafanana sana na sumu.

Mwaka jana mzee mmoja mkulima wa miwa, upande wa barabara ya Homa Bay, alipoteza mmoja wa mbwa wake wawili waliozaliwa pamoja. Jirani ambaye wana mzozo naye wa mpaka alishatajwa kabla mzoga haujapoa. "Daktari, huyu amewekewa sumu," aliniambia, "na mwenye kuweka namjua." Nilimwomba asubiri daktari wa mifugo wa kaunti ndogo, naye akaja akaupasua mzoga. Figo zilikuwa ndogo, ngumu, zimepauka, na uso wake una mabonde. Ulimi na tumbo vilikuwa na vidonda. Daktari alimweleza mzee kwamba figo hazisinyai hivyo kwa usiku mmoja. Kazi ile ni ya miezi.

Figo iliyosinyaa haisemi kwa macho matupu ni nini kilichoiharibu. Lakini ndugu yake marehemu alikuwa amelala kivulini, anakula vizuri, na masikio yake yamejaa kupe. Tukachukua mkojo wake: protini alama tatu. Tukapima damu: erlikia yumo. Mbwa huyo alianza dawa siku hiyo hiyo. Baada ya wiki nne protini ilishuka hadi alama moja, na hadi sasa nikipita pale ananibwekea. Mzee na jirani yake bado wanabishania mpaka, lakini habari ya sumu haitajwi tena.

Kikombe cha mkojo

Jambo kubwa ninalotaka ulishike ni hili: ugonjwa huu huonekana kwenye mkojo mapema sana kabla haujaonekana kwa mbwa. Na mkojo hauhitaji mashine ya gharama. Vile vijiti vya karatasi vinavyobadilika rangi, wanavyotumia wauguzi kwenye kliniki za wajawazito, hutumika kwa mbwa pia.

Funga kikombe safi na kikavu kwenye fimbo. Mtoe mbwa asubuhi akiwa amefungwa kamba, na anapokojoa kinga katikati ya mkojo. Vaa glavu, kwa sababu kuna ugonjwa mwingine wa figo, leptospira, unaoweza kumwingia mtu kupitia mkojo wa mbwa. Peleka mkojo kwa mhudumu ndani ya saa moja, au uuweke mahali pa baridi.

Alama moja ya protini peke yake haitoshi kumhukumu mbwa. Mkojo mzito sana huonyesha protini kidogo, na maambukizi ya kibofu pia huonyesha. Ndiyo maana kipimo hurudiwa baada ya wiki mbili au zaidi. Ikiendelea kuonekana, maabara hupima uwiano wa protini na kreatinini katika mkojo. Kwa mbwa, chini ya 0.2 ni salama, kati ya 0.2 na 0.5 ni mpakani, na zaidi ya 0.5 ni ugonjwa wa kufuatiliwa. Ikizidi 2, kwa kawaida vichujio vyenyewe ndivyo vinavyovuja. Sampuli zinaweza kupelekwa kwenye maabara za uchunguzi wa mifugo za serikali: huku kwetu ya karibu iko Kericho, na kwenu Pwani iko Mariakani. Hospitali ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko Kabete kwa wenye uwezo wa kufika.

Kwa mbwa anayeishi na kupe, ningependa mkojo upimwe angalau mara moja kwa mwaka. Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa ni siku nzuri ya kukumbuka.

Matibabu, na makosa ya agroveti

Tiba huanza kwa kumwondoa adui. Kwa erlikia dawa ni doksisaiklini, kwa kawaida kwa wiki nne. Wengi huacha siku ya tano mbwa akianza kula. Hapo umemtuliza adui bila kumtoa, na vibonge vinaendelea.

Pili ni kupunguza nguvu ya damu inayosukumwa kwenye vichujio ili visivuje sana. Hutumika dawa kama enalaprili au benazeprili, jamaa wa zile wanazomeza wazee wetu kwa presha. Usichukue za babu ukampa mbwa. Kipimo ni cha daktari, na damu hupimwa tena baada ya kuanza. Tatu ni chakula. Mbwa wa Rongo hula ugali na omena, wa Pwani hula mabaki ya wali na samaki. Mgonjwa wa figo hahitaji rundo la nyama, na hasa hahitaji chumvi. Vichwa vya ng'onda na papa mkavu mwondolee. Maji safi yawepo saa zote.

Nne, kuna dawa za kuwatuliza askari wenyewe, kama mikofenoleti. Hizi ni kwa hali nzito, na baada ya kuhakikisha hakuna maambukizi yaliyojificha. Ukimnyang'anya mbwa askari wake huku adui bado yumo ndani, umemfungulia mlango. Hapa ndipo sindano ya steroidi inayochomwa ovyo inapoua. Mbwa huchangamka siku mbili, mwenyewe hufurahi, na protini huzidi kumwagika.

Dawa za maumivu za binadamu kama diklofenaki na ibuprofeni nazo ni hatari kubwa kwa figo za mbwa. Na dawa ya josho la ng'ombe iliyotiwa kwa kukisia juu ya mbwa ni sumu kamili. Nimeona mbwa akitetemeka na kutoka povu, jirani akalaumiwa, kumbe ameogeshwa asubuhi ile na mwenyewe. Oili chafu ya gari vilevile si dawa.

Tiba hii ina mipaka yake. Mbwa aliyefika ametapika wiki nzima, kreatinini iko juu sana, mara nyingi tunachoweza ni kumpunguzia mateso. Aliyegunduliwa kwa mkojo, bado anakula, anaweza kuishi miaka.

Kabla hujataja jina la mtu

Kupe hawaishi kwa mbwa peke yake. Wengi wako ukutani. Tumia dawa ya kupe iliyotengenezwa kwa mbwa, kwa uzito wake, na uirudie kama maelekezo yanavyosema. Ziba nyufa za banda kwa udongo au saruji. Choma magunia anayolalia. Kagua masikio, kati ya vidole na chini ya mkia kila wiki, na usimpasue kupe kwa vidole.

Mbwa akifa nawe una shaka, usimzike na usimpasue mwenyewe. Mbwa aliyetokwa mate au kubadilika tabia anaweza kuwa na kichaa, na hicho humwua mtu. Mwite daktari wa mifugo wa kaunti ndogo. Akiona dalili za sumu, sampuli huweza kwenda kwa Mkemia wa Serikali, mwenye maabara Nairobi, Mombasa na Kisumu, na hapo utakuwa na ushahidi wa kupeleka kituo cha polisi. Asipoziona, utakuwa umemwokoa jirani na fedheha, na nyumba yako na uadui usio na sababu.

Na kama umebaki na mbwa mwingine, kesho asubuhi chukua kikombe na fimbo.